Gundi ya Simu za Kukunja: Inavyofanya Kazi, na kwa Nini Fundi Asikatwe Mshahara Ovyo

Simu zinazokunjwa kama daftari zimeanza kuonekana katika arkedi za Kampala. Bado ni chache, na wenye nazo ni watu wa fedha. Lakini kila moja inayoharibika mwisho wake humfikia mfanyakazi wa karakana, na hapo ndipo shida inapoanza. Kioo kikibanduka penye mkunjo, au kikitoa viputo vya hewa, mwenye simu humlaumu mwenye duka, na mwenye duka humlaumu fundi. Bei ya kioo kizima hukatwa katika mshahara wa kijana ambaye pengine hakukigusa kabisa kioo hicho.

Wanachama wetu wameuliza: je, gundi hiyo ni ya namna gani, na mtu atajuaje kama imeachia yenyewe ama imeachishwa na mtu? Tumewauliza wanaojua, tumesoma yaliyoandikwa na wenye viwanda, na hapa tunaeleza kwa lugha ya karakana. Anayetaka kumtetea mwenzake mbele ya mwajiri hapana budi ajue anachokisema.

Tuanze na kioo chenyewe. Tunakiita kioo kwa mazoea tu. Kwa kweli ni matabaka kadhaa yaliyobandikwa moja juu ya jingine. Juu kabisa pana utando wa plastiki wa kulinda. Chini yake, katika simu nyingi za siku hizi, pana kioo halisi lakini chembamba mno, cha mikromita 30 hivi, yaani chini ya nusu ya unene wa unywele wa kichwa. Halafu kuna utando wa kuchuja mwanga, halafu utando wa taa ndogo ndogo uitwao OLED, uliojengwa juu ya plastiki ngumu kwa joto, na nyuma yake bamba jembamba la chuma la kuutegemeza. Katikati ya tabaka na tabaka ndimo gundi ilimo. Haionekani, wala haitakiwi ionekane, maana mwanga wote wa picha hupita humo. Basi gundi si nyongeza ndogo. Ukihesabu unene wote wa kioo cha kukunja, sehemu kubwa yake ni gundi.

Kwa nini gundi ya kawaida isitoshe? Chukua karatasi 40, uzipange sawasawa, kisha uzipinde zote pamoja kwa mkono. Tazama ncha zake: hazilingani tena. Kila karatasi imeteleza kidogo juu ya mwenzake, ndiyo maana rundo zima limepindika bila taabu. Sasa chukua karatasi 40 nyingine, uzipake gundi ya seremala moja moja, uziache zikauke. Umepata ubao. Jaribu kuupinda kama ulivyopinda zile za kwanza, utavunjika mkononi mwako.

Hesabu yake si ngumu, na tunaomba msomaji asiiruke. Kitu kikipindwa, upande wa nje huvutika na upande wa ndani hubanwa. Kipimo cha kuvutika ni nusu ya unene, ugawe kwa kipenyo-nusu cha mpindo. Tuseme kioo kina unene wa milimita 0.6 na mpindo una kipenyo-nusu cha milimita 1.5. Kama matabaka yote yameshikana kuwa kitu kimoja kigumu, upande wa nje utavutika kwa asilimia 20. Hakuna kioo duniani kinachovumilia hivyo, na taa za OLED zingekatika zamani. Lakini tabaka moja peke yake lenye unene wa milimita 0.05, likiachiwa lipinde kivyake, litavutika kwa chini ya asilimia 2 tu. Hilo linavumilika.

Basi gundi inatakiwa kufanya mambo mawili yanayogombana. Iyashike matabaka yasiachane hata kwa unywele, na papo hapo iyaache yateleze, kila moja lipinde kivyake. Mteleko huo unabebwa na gundi mwilini mwake. Chukua matabaka mawili ya milimita 0.05 na gundi ya milimita 0.05 katikati yake. Simu ikifungwa kabisa, kila upande wa mkunjo gundi hiyo huvutwa kando kwa karibu milimita 0.16, yaani zaidi ya mara tatu ya unene wake yenyewe. Simu ikifunguliwa, inatakiwa irudi mahali pake. Halafu ivutwe tena. Kiwanda cha Samsung kilipotangaza simu yake ya kwanza ya kukunja mwaka 2019, kilisema imejaribiwa kukunjwa mara 200,000. Mtu anayeifungua simu mara 100 kwa siku atafika hapo baada ya miaka mitano na nusu hivi. Hebu fikiri kazi ya kuvutwa mara tatu ya urefu wako, mara laki mbili, bila likizo.

Gundi ya namna hiyo haikauki. Hili huwashangaza wengi, kwa sababu tumezoea kwamba gundi nzuri ni ile inayogeuka jiwe. Wazee wetu waliotega ndege kwa ulimbo walijua mambo tofauti. Ulimbo hunasa kwa sababu ni laini, hujipenyeza katika kila unyoya, na ukikauka haunasi kitu. Plasta ya kufungia kidonda ni vivyo hivyo: unaikandamiza tu, inashika. Mtaalamu mmoja wa kampuni ya 3M ya Marekani, Carl Dahlquist, ndiye aliyeonyesha kwamba gundi ya kukandamiza ikizidi ugumu fulani haishiki tena, hata uikandamize namna gani. Gundi ya simu ya kukunja ni ya ukoo huo, ila imesafishwa na kupimwa kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Mara nyingi hutengenezwa kwa akriliki, nyingine kwa silikoni. Ndani yake mna nyuzi ndefu mno zilizosokotana, na hapa ndipo wakemia wanapofanya kazi yao kubwa. Nyuzi zikiachwa huru kabisa, gundi itatiririka polepole kama asali, itachungulia ukingoni na kukusanya vumbi. Zikifungwa pamoja kwa mafundo mengi, inakuwa mpira mgumu, haivutiki tena, na nguvu ya mkunjo inahamia kwenye kioo na taa. Wanachotafuta ni kama wavu wa mvuvi wenye mafundo machache: unavutika sana, lakini haupotezi umbo lake. Mafundo yakiwa machache mno gundi haikumbuki pa kurudi. Yakiwa mengi mno haikubali kwenda. Kati ya hapo pana njia nyembamba, na viwanda vya Korea Kusini, Japan, China na Marekani vimetumia miaka na fedha nyingi kuitafuta, na bado vinaendelea.

Joto nalo lina neno lake. Mfano wa karibu ni lami ya barabara. Asubuhi ya baridi ukiigonga kwa nyundo inapasuka vipande. Mchana wa jua kali lori likisimama mahali pamoja, magurudumu yanaacha mabonde. Ni lami ile ile. Gundi zote za namna hii zina tabia hiyo, kwamba kwenye baridi huwa ngumu na kwenye joto huregea. Wenye viwanda hutaka gundi yao ibaki laini katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na isitiririke katika joto la nyuzi 60 au zaidi. Kwetu baridi ya namna hiyo hatuna haja nayo. Lakini simu iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari lililofungwa, juani, hupita nyuzi 60 bila shida, na kama imeachwa imekunjwa ni mbaya zaidi, maana gundi imeregea na huku imevutwa.

Tazama tena lile lori juu ya lami. Likipita mbio haliachi bonde, likisimama linaacha. Muda ni mzigo kama uzito ulivyo mzigo. Kwa hiyo simu iliyolala imekunjwa usiku kucha inaichosha gundi kwa namna nyingine kuliko ile inayofunguliwa na kufungwa haraka haraka. Ule mstari unaoonekana katikati ya kioo cha simu ya kukunja, ambao wateja huja wakilalamika kwamba fundi ameuharibu, kwa sehemu ni bonde la namna hiyo hiyo: matabaka na gundi vimezoea kukunjwa, havirudi vyote. Fundi hawezi kuuleta wala kuuondoa.

Viputo vya hewa vina sababu zake. Kiwandani gundi hii huja kama karatasi, ikiwa imefunikwa pande mbili kwa utando wa kubanduliwa. Wafanyakazi waliovaa mavazi meupe ya kuzuia vumbi hubandua upande mmoja, huipitisha kwa rola juu ya tabaka la kwanza, kisha hubandua upande wa pili na kulikutanisha na tabaka linalofuata ndani ya chombo kilichonyonywa hewa. Halafu kioo huingizwa katika tangi la joto na presha ili hewa iliyobaki isukumwe nje. Kazi hii inataka usafi kuliko chumba cha upasuaji. Punje moja ya vumbi iliyobaki humo huwa kama jiwe ndani ya kiatu: kila ukikunja, gundi inainuka pale pale, hewa inaingia, na kiputo kinakua. Huenda kisionekane siku ya kwanza. Huonekana baada ya miezi, mikononi mwa mteja, na mara nyingine juu ya meza ya fundi.

Kwamba kosa linaweza kutoka kiwandani si maneno ya kujitetea. Mnamo Aprili 1919 hapakuwa na simu hizi, lakini mnamo Aprili 2019 dunia nzima ilishuhudia. Simu ya Samsung iitwayo Galaxy Fold, yenye bei ya dola 1,980, ilikuwa iuzwe Marekani kuanzia tarehe 26 ya mwezi huo. Waandishi wa magazeti waliopewa za kujaribu walipata vioo vilivyokufa katika siku chache. Baadhi yao waliubandua ule utando wa juu wakidhani ni karatasi ya dukani ya kulinda kioo kipya, kumbe ni sehemu ya kioo chenyewe, na kuuvuta ni kuyavuta matabaka ya chini. Wengine hawakubandua chochote, uchafu ulipenya kwenye bawaba. Kampuni iliahirisha mauzo, ikaurefusha utando ule mpaka ukaingia chini ya ukingo ili kidole kisipate pa kushika, ikaziba ncha za bawaba, na simu ikauzwa Korea Kusini mwezi Septemba. Mwaka uliofuata ikaja Galaxy Z Flip yenye kile kioo chembamba. Twauliza: ikiwa kampuni kubwa namna ile ilirudi mezani kutengeneza upya, mwajiri wa arkedi anapata wapi uhakika kwamba kila kioo kilichobanduka kimebanduliwa na fundi wake?

Sasa tugeukie afya, maana laini hiyo hiyo ya gundi inamwathiri mfanyakazi kwa upande mwingine. Simu za kawaida, zisizokunjwa, mafundi wetu huzifungua kwa kuweka kioo juu ya bamba la moto, kukata gundi kwa waya mwembamba, kisha kusafisha mabaki na kubandika karatasi mpya ya gundi. Mabaki hayo, kwa kuwa hayakauki, hayakwanguki. Yanavutika kama kamasi. Ndipo fundi anapotafuta dawa ya kuyayeyusha, na dawa za kuondolea gundi zinazouzwa katika chupa zisizo na maandishi huweza kuwa na heksani.

Heksani tunaijua kwa machozi ya wenzetu. Huko Japan katika miaka ya 1960, watu waliokuwa wakibandika kandambili majumbani kwa gundi yenye heksani walianza kufa ganzi miguu na mikono. Karibu nusu karne baadaye yakarudi katika mji wa Suzhou, China, kwenye kiwanda cha kampuni ya Wintek kilichotengeneza vioo vya kugusa vya simu za Apple. Wasimamizi waliacha spiriti iliyokuwa ikitumika kufutia vioo, wakaleta heksani, kwa sababu inakauka upesi zaidi na vioo vingi zaidi vinafutwa kwa siku. Wafanyakazi wakaanza kuumwa mwaka 2009, na Januari 2010 wakagoma. Mwaka 2011 Apple yenyewe ilikiri katika taarifa yake kwamba wafanyakazi 137 walidhurika. Fikirini jambo hilo: dakika chache zilizookolewa kwa kila kioo zililipwa kwa mishipa ya fahamu ya watu.

Dalili huanza kwenye vidole vya miguu na vya mikono, ganzi na kuchomachoma kama sindano. Baadaye miguu inalegea, mtu anashindwa kupanda ngazi. Hupona polepole, kwa miezi au miaka, na wengine huendelea kuzidiwa kwa muda hata baada ya kuacha kazi hiyo. Mvuke wa heksani ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutulia chini, na dirisha la juu peke yake haliuondoi. Glavu nyembamba za mpira wa kawaida hazizuii, zile za nitrile ni afadhali. Nayo hushika moto upesi, na meza ya fundi simu haikosi chuma cha kulehemu. Mwanachama anayepewa chupa isiyo na jina aombe jina lake. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1990 unasema kemikali za kazini ziwe na lebo na karatasi ya maelezo ya usalama, na kwamba mfanyakazi ana haki ya kujua anachokishika.

Turudi kwenye kioo cha kukunja. Njia ya waya haifai hapa. Utando wa OLED wa simu hizi ni laini, waya utaukata pamoja na gundi. Wenye kampuni hubadilisha kioo kizima, mara nyingi pamoja na fremu na bawaba. Ndiyo maana gharama ni kubwa, na ndiyo maana kumkata fundi ni kumwangamiza.

Katika karakana moja ya hapa mjini, ambayo hatuitaji, dada mmoja mwanachama wetu alipewa simu ya kukunja abadilishe betri. Aliingilia upande wa nyuma, akafunga, mteja akaridhika. Baada ya wiki tatu simu ikarudi na mstari wa viputo katikati ya kioo, kutoka juu hadi chini, pasipo mkwaruzo wala ufa. Akaandikiwa deni la mishahara ya miezi mitano. Tulipokaa na mwajiri tulimwomba atuonyeshe kwenye simu ile mahali ambapo mkono au chombo kiligusa kioo. Hakupaona. Tukamweleza habari ya karatasi 40 na lami, kama tulivyoeleza hapa, na tukamwonyesha kwamba viputo vilifuata mkunjo tu. Deni lilifutwa, ingawa dada yule alihamishwa mezani akapelekwa kuuza chaja, na jambo hilo bado tunalifuatilia.

Hatusemi fundi hakosei kamwe. Ufa unaoanzia nukta moja na kutawanyika kama utando wa buibui ni pigo au kitu kilichobanwa ndani. Utando wa juu ulioinuka kwenye kona, wenye alama ya ukucha, umevutwa na mtu, awe fundi au mteja. Lakini kubanduka kunakofuata mstari wa mkunjo, kioo kikiwa safi kwingine kote, mara nyingi ni gundi iliyochoka au vumbi lililopenya bawaba. Mwenye kudai vinginevyo alete sababu yake.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 huelezwa mara kwa mara katika kurasa nyingine za gazeti hili. Kwa wasomaji wetu walio ng'ambo ya mpaka: Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kukata mshahara kwa ajili ya hasara mpaka iwe hasara hiyo imetokana na kosa la mfanyakazi, mwajiri awe ameeleza kwa maandishi sababu na kiasi, na mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Tena makato hayo yasizidi robo ya mshahara. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inazungumzia kiasi cha haki kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi. Gundi kuchoka si makusudi ya mtu.

Kabla ya kuipokea simu ya kukunja, basi, ifungue mbele ya mwenyewe na uwashe mwanga wote. Pitisha macho kwenye mkunjo kwa kuinamisha simu, maana viputo vidogo havionekani ukitazama moja kwa moja. Andika kwenye risiti hali ya mkunjo, kingo za utando wa juu, na kama bawaba ina mchanga. Mteja atie sahihi. Piga picha ikiwa wazi na ikiwa imefungwa, na picha hizo zikae kwenye simu yako wewe, zisikae kwenye ya duka peke yake.